Safari ya Bukini: siku nane kutoka Ivato hadi kwa Wavezo

Alahady, Jumapili. Antananarivo

Bibi yangu hakuwahi kutamka Madagaska. Alisema Bukini. Kwetu Unguja ilipopigwa ngoma ya pepo ya kibuki, waliopanda vichwani mwa watu walikuwa wafalme wa Bukini, na sisi watoto tulifukuzwa tukacheze mbali. Nimekua nikiihesabu Bukini kuwa nchi ya hadithi. Leo nimeshuka huko kwa ndege ya kutoka Nairobi, mwendo wa saa tatu na nusu, na neno la kwanza nililolisoma ni jina la kiwanja chenyewe: Ivato. Vato ni jiwe. Mmalei husema batu, Mfilipino bato. Nilisimama na begi langu nikilitazama bango hadi abiria wote wakanipita.

Kazi yangu ni kusomesha Kiswahili, lakini kwa miaka kadhaa moyo wangu umekuwa kwenye jamii ya lugha za Kiaustronesia. Ni lugha kama 1,200, zilizotapakaa visiwani kutoka Taiwan hadi New Zealand, na kutoka Rapa Nui na Hawaii kule mbali hadi hapa, upande wetu. Madagaska iko kilomita 400 hivi tu kutoka pwani ya Msumbiji, lakini ndugu wa karibu wa Kimalagasi wako Borneo, kiasi cha kilomita 7,000 ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Hayo nimeyasoma. Nimekuja kuyasikia midomoni mwa watu.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mwenzangu, Mmalagasi aliyeishi Unguja miaka minne, Kiswahili chake cha mtaa wa Ng'ambo, Unguja mjini, kabisa. Namwita dada, yeye ananiita zandry, yaani mdogo wake. Barabara ya kuingia mjini inapita katikati ya mashamba ya mpunga. Huu ni mwezi wa Agosti, mpunga umekwisha vunwa, na udongo wa mashamba hayo hayo sasa unafyatuliwa matofali. Tanuri zinafuka moshi kila upande. Baridi sikuitarajia. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na mimi nimekuja na kanga mbili.

Usiku tulikula wali, vary, na mboga iliyonifanya niweke kijiko chini: ravitoto. Ni kisamvu! Ravi ni jani, toto ni kutwanga, jina limesema lenyewe. Wao huipika kwa nguruwe. Mimi nilipikiwa chungu changu kwa nyama ya ng'ombe. Baada ya kula tukaletewa ranon'ampango, maji yaliyochemshwa ndani ya sufuria ile ile ya wali, ukoko ukiwa bado umeshika chini. Rangi yake kama chai ya rangi iliyofifia, harufu yake ukoko mtupu. Nilikunywa vikombe vitatu.

Jambo moja dogo nimeliandika na kulipigia mstari. Mama mkwe wake dada alimwambia mjukuu wake asogeze sahani yangu. Hakusema kulia wala kushoto. Alisema avaratra, kaskazini. Humu ndani hata sahani ina kusini na kaskazini yake.

Alatsinainy, Jumatatu. Antananarivo

Mji huu ni ngazi. Tulipanda kwenda Rova, ngome ya wafalme, na yule mjukuu, wa umri wa miaka saba, akahesabu vidato kwa sauti: iray, roa, telo, efatra, dimy, enina, fito, valo, sivy, folo. Akirudia, nami namfuata kimoyomoyo kwa lugha nyingine. Fito ya saba, kwa mfano. Mjava husema pitu, Mfilipino pito, Mmaori wa New Zealand whitu, Mhawaii hiku. Valo ya nane: walo, waru, walu. Kati ya mtoto huyu na mtoto wa Hawaii kuna karibu nusu ya dunia, na baina yao hakuna anayeujua ukoo huo, lakini kila mmoja ameupokea kwa mama yake mzima mzima.

Sisi Waswahili tarakimu zetu ni za kuchanganya. Moja hadi tano na nane ni za Kibantu, lakini sita, saba na tisa tumezichukua kwa Waarabu, mia na elfu vilevile. Wamalagasi wamekuja na zao zote hadi mwisho: zato ni mia, na arivo ni elfu, ile ribu ya Wamalei. Na Antananarivo ndiyo hiyo, mji wa elfu, kwa maana ya askari elfu walioulinda.

Rova iliungua usiku wa tarehe 6 Novemba 1995. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza karanga karibu na lango alitutajia mwaka huo, nami nikamwomba dada amrudishe autaje tena polepole: dimy amby sivifolo sy sivinjato sy arivo. Tano, kisha tisini, kisha mia tisa, kisha elfu. Mwaka wanausoma kuanzia mkiani. Mzee hakuwa na haja na tarakimu zangu. Alinyoosha mkono kuonyesha ni wapi moto ulianzia kuonekana, na mkono ukabaki juu kwa muda.

Waliokuwa wa kwanza kuziweka lugha hizi pamoja kwenye karatasi walikuwa wasafiri. Mholanzi Frederick de Houtman alijifunza Kimalei akiwa kifungoni Aceh, Sumatra, na mwaka 1603 alichapisha Amsterdam kamusi ya Kimalei na Kimalagasi ndani ya jalada moja. Ilichukua karibu miaka 350 zaidi kumpata ndugu wa tumbo moja. Otto Christian Dahl, mmisionari wa Kinorwe aliyeishi kisiwani hapa, alionyesha mwaka 1951 kwamba lugha iliyo karibu zaidi na Kimalagasi ni Kimaanyan, ya watu wa bonde la mto Barito kusini mwa Borneo. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba Wamaanyan si watu wa bahari. Ni wakulima wa bara, wa mtoni na msituni. Ni nani basi aliyewavusha jamaa zao? Wengi huona walisafiri na mabaharia wa Kimalei, na maneno ya Kimalei yaliyomo ndani ya Kimalagasi yanaelekeza huko.

Jioni nilimuuliza dada kuhusu neno izahay, maana alilisema mara nyingi akinieleza mambo ya kwao. Akasema izahay ni sisi bila wewe. Ukiwamo, tunasema isika. Mmalei anao utaratibu huo huo, kami na kita. Mfilipino anao, Mmaori anao.

"Miaka minne ile Unguja mlinitesa na sisi yenu," akasema. "Mtu ananiambia, tunakwenda harusini. Nikae? Nivae? Nimealikwa au naarifiwa?"

Nimelala nikiwaza ni mara ngapi nimesema sisi mbele ya mgeni, naye akabaki mlangoni.

Talata, Jumanne. Barabarani kwenda Antsirabe

Siku zao za wiki hazinihitaji mkalimani. Alatsinainy, Talata, Alarobia, Alakamisy, Zoma, Asabotsy, Alahady: ni za Kiarabu, zimevaa nguo za Kimalagasi. Sisi tumebaki na Alhamisi na Ijumaa tu, nyingine tunazihesabu kuanzia Jumamosi. Wao tarakimu wamezishika na siku wakazipokea. Sisi siku tumezihesabu wenyewe na tarakimu nusu tukazipokea.

Tumepanda gari ya abiria wanayoiita taxi-brousse, ndugu wa daladala, mizigo juu, kuku ndani ya matenga. Karibu na Ambatolampy ikatufia. Utingo akaenda kutafuta kifaa, tukakaa ukingoni zaidi ya saa mbili. Ambatolampy ni mji wa kusubu sufuria za alumini, zimepangwa kando ya barabara kubwa kwa ndogo, zikimeta juani. Na jina lake limebeba vato lile lile.

Mama aliyekaa nami kwenye majani alikuwa amejifunga lambahoany, kanga ya kwao, na pindoni mwake kulikuwa na maandishi. Nikamwomba niyasome. Izay mitambatra vato, izay misaraka fasika. Dada akafasiri: walioungana ni jiwe, waliotengana ni mchanga. Nilitoa kanga yangu begini nikamwonyesha jina lake. Yule mama akaishika kwa mikono miwili, akaipindua kuangalia nyuma, akaifuatisha herufi kwa kidole, akaniuliza inasema nini. Nikamweleza. Akacheka, akaita wenzake.

Tulipokuwa bado pale walipita watu wengi kwa miguu, mbele wapiga tarumbeta na ngoma, wakienda kwenye famadihana. Huu ndio msimu wake huku nyanda za juu: ukoo hufungua kaburi, huwatoa wazee wao, huwavisha sanda mpya ya hariri na kuwarudisha. Mimi Mwislamu, desturi hiyo si yangu, na sitaki kuisema kwa maneno ya juu juu. Nilichokiona ni nyuso. Walikwenda kama watu wanaokwenda kupokea mgeni bandarini.

Alarobia, Jumatano. Fianarantsoa

Gari siku nzima. Milima ya mpunga iliyokatwa ngazi ngazi hadi chini mabondeni. Mwenye kujua Luzon ya Ufilipino au Java angeona kama yuko kule. Dada alinifundisha sentensi moja njiani: mamaky boky ny mpianatra. Anasoma kitabu mwanafunzi. Kitenzi mbele, mtendaji mwisho kabisa, ukingoje hadi ujue ni nani. Tumelala mapema.

Alakamisy, Alhamisi. Ambalavao

Siku kubwa kwangu. Alhamisi Ambalavao ni siku ya mnada wa ng'ombe, na uwanja wenyewe uko juu ya kilima kidogo nje ya mji. Wachungaji wameswaga kutoka kusini siku kadhaa, blanketi begani, fimbo mkononi. Ng'ombe ni wa nundu, wenye pembe ndefu, mgongo mmoja juu ya mwingine hadi huoni ardhi. Nilikuwa nimekuja kutafuta Asia, na hapa vumbi lote lilikuwa la kwetu.

Kwa sababu ng'ombe kwao ni omby. Nilimwambia mchungaji mmoja kijana, "Omby," nikagonga kifua changu, "ng'ombe." Akatazama wenzake. Nikaendelea: akoho, kuku. Amboa, mbwa. Ondry, kondoo. Ampondra, punda. Tulipofika kwenye akanga, ndege wa madoadoa, nikasema kanga, na vijana wakaanza kunitupia majina mengine kwa fujo, wengine wakitaja hata wanyama ambao sikuweza kuwalinganisha.

Waliotoka Borneo hawakuja na ng'ombe. Mifugo ilitoka barani Afrika, na waliokuja nayo walikuwa wasemaji wa lugha za Kibantu, ndugu wa Kiswahili chetu. Wanyama wakashuka na majina yao. Vipimo vya vinasaba vinasema hivyo hivyo, kwamba watu wa kisiwa hiki ni wa asili mbili kwa pamoja, Asia na Afrika. Na wachimbaji wa mambo ya kale wamepata Madagaska na Komoro punje za mchele na choroko za karne ya 8 hadi ya 10, mazao ya Asia, zama ambazo bara upande wetu mashamba yalikuwa zaidi ya mtama na uwele. Kwa hiyo anayewaita Wamalagasi Waasia waliopotea njia anakosea, na anayewaita Waafrika waliosahau lugha yao anakosea vilevile. Hata ala zao ni hivyo: valiha, ya mwanzi wenye nyuzi kuuzunguka, ni ya kutoka Asia, jejy voatavo, ya kijiti na kibuyu, ni zeze letu.

Mchana tulikwenda karakana ya karatasi ya Antaimoro. Magome ya mti uitwao avoha huchemshwa, hutwangwa kwa nyundo za mbao hadi yawe uji, kisha hutandazwa juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye fremu. Mama mmoja alikuwa akipanga maua mabichi juu ya uji ule, petali moja moja, na kila likikaa humwagia maji kidogo kwa kiganja ili lizame. Halafu juani.

Watu wa Antaimoro wa pwani ya kusini mashariki ndio waliotunza sorabe, Kimalagasi kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sora ni kifupi cha soratra, maandishi, surat ya Kimalei. Be ni kubwa. Herufi za Kilatini zilikuja katika miaka ya 1820, Mfalme Radama wa Kwanza akishirikiana na wamisionari. Niliinusa ile karatasi nikakumbuka sanduku la babu yangu, tenzi za Kiswahili kwa khati ya Kiarabu ambazo baada yake hakuna nyumbani aliyeweza kuzisoma. Sanduku hilo halipo tena. Hili nalisema kwa uchungu.

Zoma, Ijumaa. Toliara

Karibu kilomita 500 kutoka alfajiri hadi giza. Mawe ya Isalo, kisha Ilakaka, mji uliozuka mwaka 1998 kwa ajili ya yakuti, kisha miti inapungua na joto linarudi. Nimevua sweta la dada.

Asabotsy, Jumamosi. Mangily

Bahari! Na mbele ya bahari, lakana za Wavezo, makumi kwa makumi. Vezo ni wavuvi wa pwani hii ya magharibi. Nilizunguka chombo kimoja kama mnunuzi. Mwili wake ni gogo la farafatse, mti laini mwepesi hata mtu mmoja huburuta chombo kidogo peke yake. Tanga ni la pembe nne, linashikwa na miti miwili. Wakihama kufuata samaki hulishusha likawa hema. Na mrengu ni mmoja tu.

Neno hilo mrengu siku hizi tunalisikia zaidi kwenye taarifa ya habari, wa kushoto na wa kulia, lakini lenyewe ni la ngalawa, ule mti unaoelea ubavuni kuizuia isipinduke. Ngalawa yetu ina miwili, kama bangka ya Ufilipino. Lakana ya Vezo ina mmoja, kama vyombo vya Hawaii na Tahiti. Bara zima la Afrika lina vyombo vya mirengu upande huu wetu tu, na wanaojua mambo ya vyombo wanasema ufundi huo ulitufikia kwa mabaharia hawa wa Kiaustronesia. Nimepanda ngalawa tangu utotoni, na sikuwahi kuuliza nani wa kwanza kuichonga.

Mzee mwenye chombo hakusema lahaja ya Antananarivo. Dada mwenyewe alikuwa akimwomba arudie. Vijana walipoanza kusukuma lakana kwenda majini mzee alihesabu, nami nikasimama palepale mchangani: raiky, roe, telo, efatse, limy.

Limy! Antananarivo wanasema dimy. Hapa l haijageuka. Limy ni lima ya Mmalei, lima ya Mfilipino, lima ya Mhawaii, neno ambalo kwa Mhawaii ni tano na pia ni mkono. Nikamwuliza nyeupe wanaitaje, nikionyesha tanga. Foty. Mjini ni fotsy. Kwa Mmalei ni putih. Wavuvi hawa, ambao mjini lugha yao huonwa ya pembeni, wametunza sauti ambazo ikulu ilizipoteza. Natamani kila mwalimu anayemkaripia mtoto kwa lahaja ya kwao angekuwa pale.

Alahady, Jumapili. Mangily, alfajiri

Tulitoka kabla ya jua. Jua lenyewe hapa ni masoandro, jicho la siku. Mmalei naye husema matahari, jicho la siku. Lilitokea nyuma yetu, juu ya miti, maji yakiwa kimya kama mafuta ya nazi. Mzee alikaa nyuma na kafi, kijana mbele, dada nami katikati miguu ndani ya maji.

Nilimuuliza mzee habari ya avaratra, ile kaskazini ya sahani. Wanaisimu wanaeleza kwamba avaratra ni barat ya Kimalei, ambayo ni magharibi, na atsimo, kusini, ni timur, ambayo ni mashariki. Pande zimezunguka robo ya duara. Zamani yalikuwa majina ya pepo za misimu, na baharia akifika penye pwani nyingine pepo zinamjia kwa upande mwingine, naye jina analiacha lifuate upepo. Mzee hakuona ajabu yoyote. Upepo ndio unaokuambia uko wapi, alisema, kama mtu anayeeleza kwamba maji yana chumvi.

Saa nne hivi maji yakaanza kukunjamana kutoka kusini. Mzee akainua kidevu. "Tsiokatimo," akasema. Tsioka ni upepo, atimo ni kusini, na hapa tena ile t haijageuzwa, iko kama ya timur.

Nikamwambia kwetu upepo wa miezi hii, wa upande huo huo, unaitwa kusi, na ukiwadia wavuvi wetu nao hutazama maji hivyo hivyo. "Kosy," akajaribu, akairudia, akamfundisha kijana mbele. Kijana alikuwa tayari anageuza tanga. Mzee akatupa kafi ndani, akashika kamba, akatuangalia sote tuliomo chomboni, na akasema maneno ya haraka ambayo sikuyapata ila mwisho wake, tsika, ile isika. Sikumwomba dada afasiri. Nilisogea upande wa mrengu nikauelemea, kama tunavyofanya Unguja, na lakana ikaelekea pwani.